Daudi Kabaka na neno ambalo Nakuru nzima ilidai ni lake

Wiki mbili zilizopita nilipanda matatu mjini Nakuru, safari ya Njoro. Dereva alikuwa mtu wa makamo, na redio yake ilikuwa ikipiga zilizopendwa. Tulipokaribia njia panda ya Njoro gitaa likalia, na sauti ya Daudi Kabaka ikajaa gari. Ulikuwa ule wimbo wake wa "Helule Helule". Mama mmoja aliyepakata kuku akaanza kutikisa kichwa taratibu. Mimi nikajikuta napiga vidole kwenye mkoba wangu.

Makanga, kijana ambaye sidhani amefikisha miaka 22, alinitazama akacheka. Labda ni mvi zangu zilizompa ujasiri wa kuuliza.

"Mzee, hii helule ni nini? Ni jina la dem ama?"

Nilifungua mdomo nimjibu, nikaufunga. Nimefundisha Kiswahili kwa zaidi ya miaka 30, na neno hilo sijawahi kulikuta katika kamusi yoyote niliyofungua. "Wacha nikalifikirie," nikamwambia. Nikashuka Njoro nikiwa nimelipa nauli lakini nina deni.

Ukweli ni kwamba swali hilo si geni kwangu. Nililisikia kwa mara ya kwanza nikiwa na umri wa miaka kumi, na liliwahi kunipatia ngumi ya pua. Baadaye nilikuja kulisikia kwa namna nyingine, na safari hiyo hakuna aliyecheka. Naomba msomaji univumilie nianze mbali kidogo.

Kwa wasomaji wa rika la makanga yule, Daudi Kabaka alizaliwa mwaka 1939 huko Kyambogo, Kampala, katika familia ya Waluhya. Alipata umaarufu Nairobi katika studio za Equator Sound zilizoendeshwa na Charles Worrod. Studio hizo zilikuwa na bendi yake, na waliopita humo ni watu ambao majina yao bado yanatajwa kila panapozungumzwa muziki wa zamani. Alikuwemo Fadhili William, mwana wa Taita aliyeipeleka "Malaika" kwenye santuri. Alikuwemo Gabriel Omolo, ambaye baadaye alivuma kwa "Lunchtime". Walikuwemo pia Nashil Pichen na Peter Tsotsi, vijana waliotoka nchi tunayoiita Zambia hivi leo.

Tazama orodha hiyo vizuri. Kuna Mtaita, Mjaluo, Mluhya aliyezaliwa Uganda na Wazambia wawili. Hakuna lugha ya mama ambayo ingewatosha wote. Walichokuwa nacho kwa pamoja ni gitaa na Kiswahili. Nacho hakikuwa Kiswahili cha Lamu wala cha Unguja. Kilikuwa Kiswahili cha watu waliokutana kazini.

Twisti yenyewe, kama tunavyojua, haikuzaliwa kwetu. Ilitoka Marekani, na runinga ndiyo iliyoivumisha. Agosti 1960 Chubby Checker aliicheza katika kipindi cha Dick Clark, na kabla mwaka haujakwisha vijana wa nchi nzima walikuwa wakizungusha viuno kama watu wanaozima sigara kwa ncha ya kiatu. Wanamuziki wa Nairobi waliidaka, wakaichanganya na mapigo ya kwela kutoka Afrika Kusini, kisha wakaimba kwa Kiswahili. Kabaka alikuwa na wimbo alioupa jina hilo hilo, "African Twist", na watu wakamtawaza kuwa mfalme wa twisti. Si ajabu. Jina lake lilikuwa limekwishasema hivyo, maana kabaka ni mfalme wa Buganda. Sisi watoto tuliamini kabisa kwamba ana taji mahali fulani, ila akija kuimba huliacha nyumbani.

Sasa twende Nakuru. Reli iliufikia mji wetu mwaka 1900, na baada ya reli wakaja walowezi na mashamba makubwa ya Njoro, Molo, Rongai na Subukia. Mashamba yalitaka vibarua na reli ilitaka wafanyakazi. Wakaja Wakikuyu, Waluhya, Wajaluo, Wakisii, Wakamba na Wakalenjin kutoka milima ya jirani. Pale Bondeni palikuwa na Wanubi na Waislamu wa kila asili, na katikati ya mji palikuwa na maduka ya Wahindi. Mwaka 1967 kikafunguliwa kiwanda cha betri, na baba yangu akapata kazi humo. Nyumba yetu haikuwa na mengi, lakini redio yetu haikuwahi kuzima kwa kukosa betri. Kwa hilo majirani walituonea gere.

Runinga ilikuwa habari nyingine. Matangazo ya televisheni yalianza Kenya mwaka 1962, mitambo ikiwa katika nyumba ya shambani huko Limuru. Mwaka 1964 shirika la utangazaji likapewa jina la Sauti ya Kenya, au VoK kama tulivyozoea kuiita, kabla ya kurudia jina la KBC mwaka 1989. Lakini kufika mitambo ni jambo moja, na kufika runinga katika nyumba ya mtu wa mshahara wa kiwandani ni jambo jingine. Mwaka 1974, katika mtaa wetu, runinga niliyoijua ilikuwa moja tu. Ilikuwa kwenye kibanda cha fundi wa redio.

Sikumbuki kama ilikuwa yake au ya mteja aliyeshindwa kulipa. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye alama za moto vidoleni kwa sababu ya kulehemu. Nyuma ya meza yake palikuwa na rafu ya santuri zilizopangwa kama vitabu. Sisi tulimwita Fundi tu. Wazazi wetu pia walimwita Fundi. Jioni zile ambazo VoK ilikuwa na kipindi cha muziki, alitufungulia mlango kwa sharti moja.

"Miguu kwanza!"

Palikuwa na karai la maji mlangoni. Ulinawa miguu, ukajipangusa kwa gunia, ukaingia ukakaa sakafuni. Tulikuwa watoto 15, wakati mwingine 20, tumebanana kama dagaa. Fundi alisimama kando ya runinga ameshika antena, kwa sababu akiiachilia tu picha ilijaa chenga. Kwa hiyo yeye mwenyewe hakuona kipindi. Alikisikia tu, na kutazama nyuso zetu.

Hapo ndipo nilipomwona Kabaka. Nilikuwa nimemsikia redioni tangu nipate akili, nikamjengea kichwani mwili wa jitu. Kumbe alikuwa mtu wa kawaida, mweusi na mweupe kama kila kitu kwenye kioo kile, ameshika gitaa na anatabasamu kama mjomba aliyeleta zawadi. Nilishangaa kwamba midomo yake ilitoa maneno ambayo mimi pia nayajua. Watu wengi waliotokea katika runinga ile walizungumza Kiingereza, na sisi tuliwatazama tu kama mtu anavyotazama samaki ndani ya chupa. Kabaka aliimba na sote tukamwelewa. Watoto 20 wenye lugha saba au nane nyumbani kwao, na hakuna aliyehitaji mkalimani.

Yaani, tulimwelewa yote isipokuwa neno moja.

"Helule ni nini?" mmoja wetu aliuliza tulipotoka nje.

Hapo ndipo vita vilipoanza. Rafiki yangu mmoja, ambaye bibi yake alikaa Kakamega, akasema hilo ni neno la kwao la kubembeleza mtoto. Mwingine, ambaye baba yake alifanya kazi shambani Rongai, akaapa kwamba wachungaji wa kwao ndivyo wanavyowaita ng'ombe jioni. Msichana wa Kinubi akatuambia tusimchekeshe, hayo ni maneno ya ngoma ya harusi za kwao. Mimi nami sikutaka kuachwa nyuma. Nikadai kwamba nyanya yangu hulitamka kila anapoona mvua. Nilikuwa nadanganya mchana kweupe, na rafiki yangu wa Kakamega alilijua hilo. Ngumi niliyoitaja ilitoka kwake.

Fundi alitoka nje na kitambaa, akanipangusa damu. "Mnapigania neno?" akauliza. "Si muimbe tu?" Tukaimba. Tuliimba hadi nyumbani, mimi na pua yangu iliyovimba.

Shuleni mambo yalikuwa tofauti. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa mtu mwenye bidii, na sina kinyongo naye hata chembe, lakini aliamini kwamba muziki unaharibu lugha. Insha yenye maneno ya nyimbo ilirudi na kalamu nyekundu kila mahali. "Hiki ni Kiswahili cha gitaa," aliandika mara moja kwenye daftari langu. Kwake yeye Kiswahili kilikuwa mali ya watu wa Pwani na ya vitabu vilivyosanifiwa kutokana na Kiunguja. Sisi wa bara tulikuwa wageni ambao tunapaswa kutembea kwa kunyata.

Sisemi alikosea kutufundisha upatanisho wa kisarufi. Mimi pia nimetumia kalamu nyekundu nyingi maishani. Ninachosema ni kwamba alisahau mpangilio wa mambo. Ni Julai ya mwaka huo huo wa 1974 ambapo Mzee Jomo Kenyatta aliamuru Kiswahili kitumike Bungeni, na waheshimiwa wengi wakaanza kutafuta maneno kama watu waliopoteza funguo gizani. Kiswahili kilikuja kuwa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za Kenya mwaka 1985, ulipoanza mfumo wa 8-4-4. Hadhi ya lugha rasmi sambamba na Kiingereza kilipewa na Katiba ya 2010. Hatua hizo zote ni kubwa, na wanaharakati wa lugha walizipigania kwa jasho. Lakini Kabaka alikuwa amekwisha kufika Nakuru miaka mingi kabla yake, bila silabasi wala mkaguzi wa shule.

Watoto tuliokaa sakafuni kwa Fundi hatukujifunza Kiswahili kwa sababu kina mtihani. Hakikuwa nao. Tulijifunza kwa sababu tulitaka kuimba na jirani. Hilo ni jambo ambalo historia ya lugha yetu, jinsi inavyoandikwa katika vitabu vya vyuo, hulipitia juu juu. Tunajua tarehe za kamati na maazimio. Tunajua mkutano wa Mombasa wa 1928 ulioichagua lahaja ya Unguja, na kamati ya lugha ya 1930. Ila ukiuliza ni nani aliyekipeleka Kiswahili jikoni, kwenye lori la pareto na kwenye foleni ya maziwa, hutapata sura iliyoandikwa juu yake. Mimi nasema wanamuziki ni miongoni mwao, na Kabaka yuko mstari wa mbele.

Turudi kwenye neno letu. Je, neno lisilo na maana katika kamusi lina thamani gani? Chukua mfano wa harambee. Lilikuwa neno la watu wanaovuta mzigo mzito kwa pamoja, la kupatanisha nguvu ili kamba isiwaponyoke. Ukimuuliza mchukuzi maana yake angekwambia maana yake ni "vuta!" Mwaka 1963 Kenyatta alilifanya mwito wa taifa, likachorwa kwenye nembo ya nchi, na kina Kabaka wakaliimba. Wimbo wake wa "Harambee Harambee" ulisikika redioni miaka nenda miaka rudi. Neno la wapagazi likawa neno la taifa. Halikupata nguvu kutoka kwa asili yake. Lilipata nguvu kwa sababu wengi walilitamka kwa wakati mmoja.

Au tazama mfano wa jirani zetu wa Kericho. Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey alifika Kapkatet, katika nchi ya Wakipsigis, akiwa na mitambo ya kunasa sauti. Wasichana wakamwimbia wimbo kuhusu mtu anayeitwa Chemirocha. Huyo Chemirocha alikuwa nani? Alikuwa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilifika huko pamoja na gramafoni. Jina likaingia katika vinywa vya Wakipsigis, likavalishwa nguo za huko, likatoka likiwa la kwao kabisa. Hakuna aliyewaambia wasichana wale kwamba wamekosea matamshi. Na hata angekuwepo, sidhani wangemsikiliza.

Helule nayo ilifunga safari, ila yenyewe ilielekea upande wa pili. Mwaka 1968 kundi la Uingereza liitwalo The Tremeloes liliurekodi wimbo wa Kabaka, na ukaingia katika nyimbo 20 bora za nchi hiyo. Hao ndio wale ambao kampuni ya Decca iliwachagua mwaka 1962 ikawaacha vijana wa Liverpool walioitwa The Beatles. Basi fikiria: Jimmie Rodgers alikuja Kericho akawa Chemirocha, na helule ikatoka Nairobi ikafika London bila kubadilishwa hata silabi moja. Vijana wa Kiingereza waliitamka kama tulivyoitamka sisi tulionawa miguu kwenye karai. Nao, kama sisi, hawakuuliza ruhusa ya kamusi.

Ndiyo maana nikiwa mwanafunzi wa chuo, na baadaye mwalimu, nilipenda kulitumia neno hilo darasani. Niliwaambia wanafunzi kwamba katika fasihi simulizi, kiitikio si lazima kiwe na maana ya kamusi. Kazi yake ni kuwapa walioketi nafasi ya kuingia. Fanani huimba ubeti, hadhira hudaka kiitikio. Kadiri neno lilivyo jepesi, ndivyo mlango ulivyo mpana. Helule ni mlango. Hilo lilikuwa jibu langu kwa miaka mingi, na nililiona linatosha.

Kisha ikaja Januari 2008.

Sitasimulia yote. Waliokuwa Nakuru wanajua, na ambao hawakuwepo wamesoma. Machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 yaliuingia mji wetu kwa kishindo mwishoni mwa mwezi huo. Watu walisimamishwa njiani na kuulizwa swali moja: "Kwenu ni wapi?" Kwa wengine jibu la swali hilo lilikuwa tofauti kati ya kufika nyumbani na kutofika. Maelfu walikimbilia uwanja wa maonyesho ya kilimo, wakalala chini ya mahema.

Nilikwenda huko na walimu wenzangu tukiwa na unga na blanketi. Katika safu ya mahema nilimwona mzee mrefu ameketi juu ya debe, mikono magotini. Nilivitambua vidole kabla ya uso.

"Fundi!"

Alinitazama kwa muda. "Wewe ni yule wa pua," akasema.

Niliketi chini kando yake, kama zamani. Hadi siku hiyo sikuwa nimewahi kujua kabila la Fundi, na nawaapia wasomaji kwamba si maneno ya kujionyesha. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Alikuwa mtu wa redio, basi. Alizungumza Kiswahili na kila mtu, na santuri zake zilikuwa za kila lugha. Wiki ile ndipo watu walipomuuliza.

"Mwalimu, mimi nimekaa mji huu tangu uhuru," aliniambia. "Aliyekuja kuniuliza kwetu ni wapi, mimi nilimtengenezea babake redio. Akiwa mtoto alikuwa ananawa miguu kwangu."

Sikuwa na la kusema. Nikamuuliza kuhusu kibanda. Akasema kimeungua. Nikamuuliza kuhusu santuri, swali la kipumbavu kwa mtu aliyepoteza kila kitu.

"Zimeyeyuka," akasema. "Zimeshikana kama chapati. Huwezi kujua hii ni ya nani na hii ni ya nani."

Tukanyamaza. Watoto walikuwa wakicheza mpira wa karatasi katikati ya mahema. Kisha akaniuliza jambo ambalo sikulitarajia.

"Mliwahi kupata jibu?"

"Jibu la nini, Fundi?"

"La helule. Nyinyi mlikuwa mnapigana, huyu anasema ni ya kwao, yule anasema ni ya kwao. Mimi nilikuwa nashika antena huku nacheka kimoyomoyo. Niliwaza, hawa watoto watakuwa watu wazuri, wanagombania kitu ambacho kinawatosha wote." Akaviangalia vidole vyake. "Siku hizi sicheki."

Wiki iliyofuata alipanda lori pamoja na wengine waliokuwa wakirejeshwa mashambani kwa wazee wao, mahali ambapo hakuwa ameishi tangu ujana. Sikumwona tena. Kibanda chake leo ni duka la kuuza vocha na chaja za simu.

Tangu siku ile sijaweza tena kulisikia swali la "neno hili ni la wapi" kwa masikio ya mwanaisimu peke yake. Etimolojia ni taaluma nzuri. Naipenda. Lakini nimeona jinsi swali la asili, ambalo watoto walilichezea hadi pua ikatoka damu kidogo, linavyoweza kukua likashika panga. Tofauti ni ndogo. Sisi tulikuwa tunasema, "Ni letu, njoo uimbe." Wale wa Januari walisema, "Ni letu, ondoka."

Daudi Kabaka hakuiona Januari hiyo. Alifariki mwaka 2001, mwaka ule ule aliofariki Fadhili William. Tuliwazika, tukawapigia nyimbo zao siku mbili tatu redioni, tukarudi kwenye shughuli zetu. Na hapa nataka kulaumu sarufi kidogo, au pengine kutulaumu sisi tunaojificha nyuma yake.

Tazameni hilo jina tulilowapa: zilizopendwa. Lichambueni kama tunavyofanya darasani. Kuna zi- ya ngeli ya nyimbo. Kuna -li- ya wakati uliopita. Kuna -zo- ya urejeshi. Kuna mzizi -pend-, halafu -w- ya kutendwa. Nyimbo ambazo zilipendwa. Zilipendwa lini? Zamani. Zilipendwa na nani? Haisemi. Kauli ya kutendwa imemficha mtenda, na wakati uliopita umefunga duka. Kwa neno moja tumejitoa kwenye deni. Kama zingekuwa zinazopendwa, na sisi tunaozipenda tungetajwa, pengine mtu angeuliza: je, mnampa nini huyo mnayempenda? Je, familia yake inapata chochote matatu ikipiga wimbo wake kutoka Nakuru hadi Njoro? Wanamuziki wengi wa kizazi kile walilalamika hadi kufa kwamba walipanda wao na wakavuna wengine. "Malaika" yenyewe imeimbwa na Miriam Makeba na Boney M, imezunguka dunia, na mabishano juu ya nani hasa aliitunga hayajawahi kwisha.

Kuna deni jingine, la kumbukumbu. Kanda za televisheni zilikuwa ghali enzi hizo. Hata BBC, iliyoanzisha kipindi cha Top of the Pops Januari 1964, ilifuta kanda nyingi za miaka ya kwanza ili izitumie tena. Kwa hiyo si aibu kukiri kwamba mengi tuliyoyaona kwenye vioo vile vyenye chenga yamebaki vichwani mwetu tu, na vichwa vyenyewe vinapungua kila mwaka. Santuri moja iliyo chini ya kitanda cha mzee wako huko Gilgil au Naivasha yaweza kuwa ya thamani kuliko unavyodhani. Usiitupe. Usimpe mtoto aifanye gurudumu.

Na walimu wenzangu, mkifika kwenye mada ya nyimbo katika fasihi simulizi, msiishie kwenye bembea na nyimbo za jando zilizonakiliwa kitabuni miaka 40 iliyopita. Wapeni wanafunzi kazi ya kuwauliza nyanya na babu zao waliimba nini redio ilipofunguliwa. Waandike maneno, waandike lugha zilizokuwa zikizungumzwa mtaani, waandike nani aliketi karibu na nani. Hapo watakuwa wameandika historia ya Kiswahili cha Bonde la Ufa ambayo sisi wasomi tumeshindwa kuiandika.

Juzi nilipanda tena gari lile lile la Njoro. Makanga alinikumbuka kabla sijaketi.

"Mzee wa helule! Umeleta jibu?"

Nilimwambia anijibu yeye kwanza. Yeye mwenyewe anadhani ni nini?

Alifikiri kidogo, akining'inia mlangoni, akapokea nauli ya mtu, akarudisha chenji. "Si unajua nyanya yangu anakaa Molo," akasema. "Yeye akifurahi sana huwa anasema kitu kama hicho. Mimi naona hiyo ni ya kwetu."

Nilimtazama vizuri nione kama anadanganya. Alikuwa anadanganya. Nikamwambia ni kweli, ni ya kwao. Nikamwambia pia kwamba nyanya yangu mimi huitamka kila anapoona mvua.